Taa Kando ya Mibangi ya Mbegu

Satgol, 16 Julai 1978

Baba Gap-hui,

Umeme umefika! Naanza na hilo maana nikianza na salamu nitapasuka. Jana jioni mwenyekiti wa kijiji alibonyeza swichi, na taa uliyotununulia kwa mshahara wako wa kwanza ikawaka pale kona yetu. Tulipiga kelele mpaka mbwa wa ng'ambo ya mto wakatujibu. Mzee Cho wa jirani alivua kofia akaiinamia nguzo, kama kapokea mgeni wa serikali. Gap-hui alileta daftari lake akakaa chini ya taa kufanya hesabu, wadudu wakamjaa nywele, hakujali.

Aliyenishinda ni Mama. Unajua tangu alipoanguka pale pale kwenye kona na kuvunjika mkono, jua likizama hatoki ndani. Jana alitembea peke yake, bila fimbo, akaishika nguzo kwa viganja vyote viwili, akasema, "Huyu ni mwanangu. Katoka Uarabuni kuja kunimulikia." Halafu akanigeukia: "Sikia, mkamwana. Taa hii isizimwe usiku hata mmoja mpaka arudi. Ikizimika hii, na yeye kazimika." Nikasema ndiyo, Mama. Nani angesema hapana, watu wote wanalia na kucheka na pombe ya mchele inazunguka?

Mibangi tumemaliza kukata. Imeshachemshwa kwa mvuke, na sasa wanawake wote tumechubuka vidole kwa kuchuna nyuzi za kufumia nguo. Kila nyumba imekata yake yote, kama kila mwaka. Iliyobaki imesimama ni ile ya mbegu ya Mama tu, miche themanini na kitu, pale pale kando ya taa, pamoja na ile michache iliyojificha nyuma ya banda la kukaushia tumbaku. Jana kanisimulia tena jinsi alivyokuja nazo mbegu hizo akiwa bibi harusi, kazifunga kwenye pindo la sketi, na jinsi ambavyo mpaka leo hakuna nyumba Satgol inayopanda mbegu nyingine. Nimeisikia hadithi hiyo mara mia. Jana nikaisikiliza vizuri kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa naiona sura yake usiku wakati akisimulia.

Kula vizuri. Usifanye kazi bila kofia.

Mama Gap-hui


Kambini, 27 Julai 1978

Mama Gap-hui,

Barua yako nimeisoma mara nne, na mara ya tano nimewasomea wenzangu kwa sauti. Du-sik, yule wa kijiji cha ng'ambo ya mto anayelala kitanda cha chini yangu, kanuna. Anasema kwao hata nguzo hawajapewa. Nikamwambia mkewe aje kusoma barua zake kwenye kona yangu!

Usishangae mwandiko. Naandika nimelala, joto la huku linamlegeza mtu mpaka vidole.

Mimi nafunga nyaya za taa za bandari nzima. Taa mia nne. Lakini nikifumba macho naiona moja tu. Nakuomba kitu kimoja, na hiki si ombi la Mama peke yake, ni langu pia: isizimwe. Jua likizama iwake, jua likitoka izimwe, basi. Nilipoambiwa Mama kalala kwenye tope na mkono umevunjika, na mimi niko mbali hivi, nililia bafuni kama mtoto. Sitaki kusikia tena kwamba kona ile ina giza.

Ushike mkono wa Mama kwa ajili yangu.

Baba Gap-hui


Satgol, 9 Agosti 1978

Baba Gap-hui,

Sisi wazima kabisa. Mama anakula, Gap-hui anasema shule ikifunguliwa atakuwa wa kwanza kwa hesabu, kuku wanataga.

Mibangi ya mbegu? Imenawiri. Haijawahi kuwa mirefu hivi. Nikinyoosha mkono juu siifikii hata nusu, na majani ni kijani kibichi mpaka yanang'aa. Wapita njia wanasimama kuitazama.

Kuna mtu hapa kijijini, simtaji jina, ananisumbua na swali. Anauliza hivi: taa ya umeme, mbali na mwanga, inatoa kitu gani kingine? Je, ina joto la kudhuru mmea ulio hatua kumi? Au ina dawa fulani ndani ya kile kioo? Wewe ni fundi, nijibu upesi, maana huyo mtu hana subira.

Taa inawaka.

Mama Gap-hui


Kambini, 25 Agosti 1978

Mama Gap-hui,

Mwambie huyo mtu wako kwamba taa inatoa mwanga na joto kidogo, na hatua kumi mbali hata mbu haimpashi joto. Hakuna dawa.

Sasa nijibu na mimi. Du-sik kapata barua kutoka kwa mkewe. Mkewe anaandika kwamba toka ng'ambo ya mto wanaiona taa yetu, na kwamba kila usiku, watu wakishalala, inazimika. Inakaa imezimika mpaka karibu na alfajiri, halafu inawaka tena. Kila usiku! Na anasema siku moja alikuwa akipita akirudi kutoka kwa dada yake, akamwona mtu gizani kati ya mibangi. Du-sik kanisomea hayo mbele ya watu kumi na wawili. Wote wakaangalia chini. Unajua kwa nini. Kila mwanamume aliye huku anaogopa habari ya namna hiyo, na kila mwezi kuna mmoja anayeipata.

Wewe umeniandikia "Taa inawaka." Kwa mkono wako.

Nani anayeihitaji kona yangu iwe na giza, Mal-sun? Mimi nimeiweka taa pale. Nani anaizima, na anaizimia nini?

Sina zaidi.

Bae Eok-su


Satgol, 4 Septemba 1978

Bae Eok-su,

Kumbe na mimi nina mume anayesaini jina lake lote kama mwenye duka. Vizuri. Kaa chini usome, na ukimaliza uwasomee hao kumi na wawili, neno kwa neno.

Anayezima taa ni mimi. Aliyeonekana kati ya mibangi ni mimi. Yule "mtu wa kijijini" mwenye swali ni mimi. Nilikuficha, hilo ni kosa langu, nalikubali. Sikutaka uisikie taa yako ikilaumiwa. Lakini ni hivi.

Kila mwaka, siku saba za kwanza za Agosti, mibangi ya mbegu huanza kutoa maua. Dume inamwaga vumbi la njano, jike inafunga vishada. Safari hii wiki ya kwanza ikapita, hakuna. Mama, macho yake mabovu, anapapasa majani na kusifia unono wake. Mimi napapasa na kuingiwa na baridi. Mirefu, minene, mibichi, na haina hata ua moja! Isipochanua hakuna mbegu, na isipokuwepo mbegu ya Mama, kijiji chote mwakani kinapanda nini?

Tarehe kumi na moja nikaenda nyuma ya banda la tumbaku kufuata kuku aliyekwenda kutagia huko. Nikainua kichwa. Baba Gap-hui, vumbi la njano likaniangukia usoni! Ile michache ya nyuma ya banda, mifupi, imekonda, hakuna anayeitazama, imechanua yote! Mbegu ni zile zile. Siku ya kupanda ni ile ile, nimeipanda kwa mkono wangu. Nikasimama pale nikipiga chafya na kujiuliza, ina nini hii? Jioni taa ilipowaka ndipo nikaona. Kivuli cha banda kinaanguka pale. Nikafuata ukingo wa kivuli kwa miguu. Kuna mbangi mmoja umesimama mpakani kabisa, nusu kwenye mwanga na nusu kwenye kivuli. Upande wa kivuli una maua. Upande wa taa hauna kitu!

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilitaka kuita watu. Halafu nikamkumbuka Mama, na maneno yake kuhusu kuzimika, nikafunga mdomo.

Basi tangu usiku ule nikawa nasubiri Mama akorome, natoka, nazima. Kabla ya alfajiri nawasha. Mchana nasinzia kwenye kitanda cha kufumia mpaka nimekosea nyuzi dhiraa mbili nzima. Siku ya kumi nikaona vichipukizi vya maua vya kwanza kwenye mistari ya mbele. Vidogo kama kichwa cha sindano! Tangu usiku wa kwanza nilikuwa navitafuta kwa vidole gizani, na huyo ndiye mtu ambaye mke wa Du-sik alimwona.

Usiku wa tarehe ishirini na nne nimenyoosha mkono kwenye swichi, sauti ikatoka nyuma yangu:

"Unamzima mwanangu?"

Mama, kasimama bila viatu. Nilimweleza yote, nikampeleka nyuma ya banda, nikamshikisha maua kwa mkono wake.

"Maua ndiyo haya, Mama. Huku hakuna mwanga. Kule kuna mwanga, hakuna maua."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo inataka giza."

"Mmea gani usiotaka mwanga? Umeota?"

"Mwanga wa mchana unautaka. Wa usiku unauchanganya. Unadhani bado ni kiangazi."

Akaliachia ua. Halafu akasema, "Mbegu naweza kuomba kijiji kingine. Mwana nitaomba wapi?"

Niambie wewe, fundi. Tukabishana mpaka jogoo akawika. Mwishowe tukakubaliana hivi: taa nizime, lakini saa sita ya usiku iwashwe nusu saa. Mama anaweka bakuli la maji safi chini ya nguzo, anakuombea, anaona taa inawaka anajua uko hai, halafu nazima. Nusu saa tu. Ndivyo tunavyofanya mpaka leo.

Na sasa siku kumi zimepita, na vile vichipukizi vimesimama. Havikui. Vingine vimetoa jani badala ya ua. Mama anasema ni hofu yangu tu, nusu saa haiwezi kuharibu usiku mzima, hata mtu akiamshwa kidogo hulala tena. Mzee Cho anasema vilevile. Mimi sijui! Je, giza lazima liwe kamili, au kidogo kinasameheka? Uliza watu. Huko kuna watu elfu mbili kutoka kila mkoa, hakosekani anayejua. Baridi kali itaanza katikati ya Oktoba, na mbegu inataka wiki tano kukomaa. Hesabu mwenyewe.

Kuhusu lile swali lako jingine, nani anaihitaji kona iwe na giza. Umeshajibiwa. Mibangi themanini na tatu.

Kwon Mal-sun


SIMU YA MAANDISHI, 14 Septemba 1978
KWA KWON MAL-SUN, SATGOL

GIZA LISIKATWE STOP NUSU SAA YA SAA SITA MBAYA KULIKO MWANZO WA JIONI STOP ZIMA KABISA LEO STOP MIMI MZIMA MAMA NIOMBEE GIZANI STOP NISAMEHE STOP EOK-SU


Kambini, 14 Septemba 1978

Mama Gap-hui,

Simu nimeshaituma. Mkuu wa ofisi kaniuliza nani kafariki, nikamwambia hakuna, ni mibangi, akanitazama muda mrefu.

Nimeisoma barua yako mbele ya wale kumi na wawili kama ulivyoniamuru. Nilipofika kwenye mibangi themanini na tatu, walipiga meza kwa vijiko mpaka mpishi akaja kuangalia. Du-sik kaenda kulala bila kula. Mimi pia sikula. Nina aibu ambayo sijui niiweke wapi. Nitarudi kwenye hilo.

Nilipouliza kwa sauti nani anajua habari za maua na giza, akasimama Mzee Heo, mwendesha winchi, mtu wa Gimhae, ambaye kwa miezi mitano sijamsikia akisema zaidi ya "chumvi." Akasema, "Kaka yangu analima maua ya krisanthemu kwenye nyumba za plastiki. Anaamka kila usiku wa manane, anawasha taa robo saa, anazima, analala."

"Kwa nini?"

"Ili yasichanue. Anataka yachanue karibu na mwaka mpya, wakati wengine hawana."

"Robo saa tu?"

"Robo saa. Akiwasha jioni, itabidi awashe masaa. Akiwasha katikati ya usiku, robo saa inatosha. Maua yale hayapimi mchana, bwana. Yanapima usiku, tena usiku mmoja usiokatika. Ukiukata katikati yanaona ni usiku mfupi mara mbili, yanasema bado kiangazi, usiku haujarefuka."

Nikamshika mabega nikamtikisa! Mal-sun, Mama anaomba saa ile ile ambayo kaka yake Heo anaamka kuzuia maua. Hukuwa na hofu ya bure. Uliona kwa macho yako kile ambacho mimi, fundi wa taa mia nne, sikukijua.

Heo anasema pia usihangaike na kila kitu. Kibatari cha kupita njiani hakidhuru, nyota hazidhuru. Sikumuuliza kuhusu mwezi, nimesahau, na sasa kesharudi kwenye kunyamaza kwake.

Sasa jambo ambalo mimi nilikuficha. Tarehe ishirini Julai nilianguka kutoka kwenye jukwaa. Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika. Ndiyo maana ya ule mwandiko. Kimepona, nafanya kazi. Lakini fikiria, siku hiyo taa ya Mama ilikuwa inawaka usiku kucha, tangu magharibi mpaka asubuhi. Na wiki zote ulizokuwa ukiizima, sikupata hata mchubuko. Mwambie. Au usimwambie, wewe unamjua.

Kwa ile barua yangu ya Agosti sina la kusema linalotosha. Madereva wa hapa walikuwa wamefunga mwezi mzima, na siku ya sikukuu yao walikuwa wakiombana msamaha, kila mmoja na mwenzake, hadharani, bila kuona haya. Niliwatazama nikawaonea wivu. Wao wapo karibu.

Mume wako, kama bado unamtaka,
Eok-su


Satgol, 18 Septemba 1978

Baba Gap-hui,

Wewe mtu! Ulitaka kutuua?

Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu ya mavuno. Sote uwanjani tunafinyanga keki za mchele, mikono imejaa unga, wageni wameshaanza kufika. Tarishi anaingia na baiskeli, kavua kofia. Kavua kofia! Kashika karatasi ya simu kutoka Uarabuni. Hapa bondeni simu ya Uarabuni imekuja mara moja tu, na unajua ilileta msiba gani nyumbani kwa akina Nam.

Mama hakulia. Alikaa chini pale pale kwenye sinia la keki, akasema polepole, "Nilimwacha azimwe." Kisha akanigeukia na macho ambayo sitaki kuyaona tena maisha yangu. Gap-hui ndiye aliyenyakua karatasi kutoka kwa tarishi akaanza kusoma kwa sauti ya shuleni: "Giza lisikatwe. Nusu saa ya saa sita mbaya kuliko mwanzo wa jioni..."

"Nini?" Mama akasema.

"Zima kabisa leo. Mimi mzima. Mama, niombee gizani. Nisamehe."

"Rudia hapo."

"Zima kabisa leo?"

"Si hapo, we mtoto! Hapo pa mzima!"

Gap-hui alirudia "Mimi mzima" mara sita. Ya sita Mama akainuka, sketi imejaa unga na keki zimebandikana nyuma, akaenda akampiga tarishi makofi ya mgongo. "Na kofia umeivulia nini? Mtu anavulia mibangi kofia?" Tarishi masikini akasema jua lilikuwa kali, bibi. Tukacheka mpaka tukakaa chini. Mwenyewe alicheka akalia, akalia akacheka, halafu akamlisha tarishi mpaka akashindwa kupanda baiskeli.

Jioni ile alinishika mkono, tukaenda kwenye nguzo. Nilidhani ananiruhusu nizime. Hapana. Alipapasa nguzo, akaipata swichi, akazima mwenyewe. Akakaa chini kando ya bakuli lake, akaanza kukuombea gizani.

Kumbe mbinguni mwezi wa sikukuu ndio unapanda, mkubwa kama sinia, shamba zima jeupe! Mama anaona weupe ule hata kwa macho yale. Akaniita.

"Mkamwana."

"Naam, Mama."

"Na huu je? Nao utaupandia ngazi ukauzime?"

Kisha yeye mwenyewe akasema, "Mwezi huu ulikuwepo mwaka nilioolewa, na mibangi ilichanua." Akarudi kwenye maombi yake. Nami nikalala usingizi mzito kuliko wote tangu Julai.

Barua yako nyingine bila shaka iko njiani. Nitaisoma kabla sijaamua kama nakutaka.

Mal-sun


Kambini, 3 Oktoba 1978

Mama Gap-hui,

Barua yako imefika jana. Tarishi kanichekesha mpaka mkono uliovunjika ukauma.

Niambie upesi, imefika wapi? Huku hakuna anayeuliza tena habari za mpira. Asubuhi mtu wa Gangwon ananiuliza kwenye foleni ya chakula, "Imechanua?" Fundi wa kuchomelea mwenye redio anasikiliza hali ya hewa ya nyumbani kila usiku na kuniletea joto la Andong, mji wa karibu nanyi, kwenye kipande cha karatasi. Mzee Heo kasema kitu kimoja: "Siku thelathini na tano." Du-sik kanipa soksi mpya. Sijui za nini. Nadhani ndivyo anavyojua kuomba radhi.

Andika hata mstari mmoja.

Eok-su


Satgol, 28 Oktoba 1978

Baba Gap-hui,

Mstari mmoja hautoshi, vumilia.

Ilichanua. Baada ya simu yako haikupita wiki, vishada vikatoka vyote kwa pamoja, kama watu waliokuwa wanasubiri mlango ufunguliwe. Vumbi la njano liliingia mpaka kwenye wali. Tarehe ishirini na tano Septemba nilipapasa nikakuta punje ya kwanza, laini, ya maziwa. Kuanzia hapo nilikuwa nahesabu wiki tano ukutani kwa mkaa, siku zile zile thelathini na tano za Heo.

Siku ya ishirini na nne ya hesabu hiyo, redio ya mwenyekiti ikasema baridi ya kugandisha itashuka alfajiri. Siku kumi na moja kabla ya mbegu kukomaa! Nilisimama uwanjani nimeshika mundu, sijui nikate mbegu mbichi au niache zife zimesimama. Mama akasema, "Blanketi." Nikatoa blanketi letu. Akasema, "Yote." Nikatoa la Gap-hui, nikatoa lake. Miche themanini na tatu, mablanketi matatu! Gap-hui akakimbia nyumba hadi nyumba.

Wakaja. Wote, Baba Gap-hui. Wamebeba mikeka ya nyasi, magunia, makoti ya waume. Tuliinamisha mibangi taratibu, tukaifunga mafungu, tukaifunika. Mzee Cho akawasha makapi upande wa upepo ili moshi ulale shambani. Wakati tunamalizia, akatokea mtu kutoka daraja la mto, kabeba mzigo mkubwa kichwani. Mke wa Du-sik. Kaleta lile blanketi la harusi yake, hariri nyekundu, ambalo hajawahi kulilalia kwa sababu mumewe aliondoka kabla halijafunguliwa vizuri. Akalifungua akalitandaza juu ya fungu la mwisho, kwenye matope na kila kitu. Nikamwambia litachafuka. Akasema, "Na mdomo wangu je, ulikuwa msafi?"

Tukakaa naye jikoni mpaka kukapambazuka, tukinywa maji ya mchele ya moto. Asubuhi barafu ilikuwa nyeupe kila mahali, majani ya kabichi yamekakamaa. Tulifunua. Majani ya juu yamekufa, lakini vishada vilivyokuwa katikati vilikuwa na uvuguvugu bado.

Juzi tumepura. Miaka mingine Mama hupata pishi saba. Safari hii nne na kitu, na punje nyingine tupu. Mama alikaa mlangoni akizing'ata moja moja na kusikiliza. Kila iliyolia vizuri alikuwa anasema, "Ipo." Alisema "ipo" mpaka sauti ikamkauka. Zinatosha kila nyumba kupanda nusu ya kawaida yake, na mke wa Du-sik kapewa kibakuli kimoja avuke nacho mto. Taa tumeiwasha tena tangu jana, na mwakani shamba la mbegu linahamia nyuma ya banda lote. Nimeshalilima.

Ile habari ya mkono wako nimemwambia Mama. Akasema, basi kumbe taa ni taa. Halafu akaniuliza kama umepona kweli, akaniuliza tena kesho yake.

Barua yako ya Agosti nimeiweka, sijaichoma. Ukirudi Februari utanikalia mbele, utanisomea mwenyewe kwa sauti, kuanzia salamu mpaka saini. Ukimaliza nitakupa chakula.

Na jana alikuja afisa wa wilaya, yule wa vibali vya mibangi, kushuhudia tukichoma majani yasije yakavutwa, na kuandika kibali cha mwakani. Akafungua kitabu chake, kalamu mkononi, akamtazama Mama.

"Mwenye shamba la mbegu ni Bibi Yi, kama kawaida?"

Mama alikuwa anaota moto wa majani upande unakotoka upepo. Akasema, "Futa."

"Nifute, Bibi? Hamlimi mwakani?"

"Tunalima. Andika huyu."

"Mke wa Bae Eok-su?"

"Ana jina," Mama akasema. "Mwulize."

Akaniuliza. Nikalitamka, sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka, mpaka Mzee Cho akageuka. Akaliandika kwa wino, akalipiga muhuri, akanipa karatasi niishike. Tangu niolewe kwenu sijaliona jina langu kwenye karatasi ya serikali likiwa limesimama peke yake. Nimeliangalia mpaka Gap-hui kaniambia, "Mama, litafutika."

Wako,
Kwon Mal-sun
mwenye mbegu, Satgol